Mkwe Hana Namba ya Usajili

Watu wa Mitunguu wakikuambia kwamba Mwalimu Kithinji aliwahi kukosa la kusema, usiwaamini upesi. Huyu ni mtu aliyekuwa akifundisha darasa la saba, na darasa la sita upande wa pili wa ukuta likawa linaandika notisi zake. Alibishana na chifu kuhusu maji ya kunyunyizia ndizi, akabishana na mhubiri kuhusu urefu wa ibada, na siku moja alimsimamisha afisa wa elimu pale langoni akamuuliza vitabu vya serikali viko wapi. Mdomo alikuwa nao, tena usio na breki. Ndiyo maana yaliyompata mwaka wa mwisho wa masomo yake ya chuo kikuu yanawashangaza watu mpaka leo.

Alikuwa mmoja wa wale walimu ambao shule zikifungwa, wenzao wakienda kupumzika, wao hubeba mabegi na kwenda kuwa wanafunzi. Chuo chenyewe kilikuwa na tawi pale Meru mjini, na likizo baada ya likizo Kithinji alipanda kutoka joto la Mitunguu hadi baridi ya mjini kusomea digrii ya ualimu. Ilikuwa miaka ile simu za kubonyeza zilipoanza kuzipisha zile za kupapasa.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa Upimaji na Tathmini, lililofundishwa na Profesa Karambu, mkuu wa kitivo. Mama mfupi, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi, na sauti hakuwa akiipandisha hata kidogo. Kithinji alikaa safu ya pili na kubishana naye kila kipindi. Mtoto akianguka mtihani, aliyeanguka ni mtoto ama ni mtihani? Profesa alifurahia ubishi huo. Jina la Kithinji hakulijua katika umati ule, akawa anamwita "yule wa Mitunguu", na darasa likikaa kimya alikuwa akisema, "Hebu tumsikie yule wa Mitunguu."

Sasa, digrii hiyo haikuwa ya Kithinji peke yake. Baba yake, Mzee Mithika, alikuwa akipoteza macho. Daktari alikuwa amesema ni presha ya macho, imekwisha kula sehemu kubwa, na mwanga uliobaki huenda usivuke mwaka. Mzee hakuwahi kukaa darasani maisha yake yote. Alipopewa habari hizo hakulia, alimwita tu mwanawe akamwambia, "Nataka nikuone ndani ya hilo joho kabla giza halijaingia. Ukichelewa, itabidi unisimulie, na mimi sitaki kusimuliwa." Tangu siku hiyo Kithinji hakuwa na jambo lingine kichwani.

Isipokuwa Kiende, bila shaka. Kiende Thuranira alikuwa muuguzi katika zahanati ya Mitunguu, msichana wa maneno machache na kicheko cha ghafla, na wawili hao walikuwa wamekubaliana kuoana. Kithinji alipomuuliza habari za kwao, Kiende alisema mama yake ni mwalimu huko Kaaga. Basi, mambo yakaishia hapo. Kaaga kuna shule nyingi, ukitupa jiwe unampiga mwalimu. Kithinji alijichorea kichwani mama fulani wa shule ya msingi, mwenye chaki kwenye vidole, akatulia.

Likizo ile ya Agosti wazee wa Mitunguu wakapanda kwenda kuposa. Msemaji wao alikuwa Mzee Mukiri, mtu wa rika la baba yake, aliyezijua mila kama watu wengine wanavyozijua nyimbo za kanisani. Njia nzima alimfundisha Kithinji adabu za ukwe. Mama mkwe humpi mkono. Huli mbele yake. Humtazami usoni. Mkikutana njiani, mmoja aingie kichakani. Humwiti jina, na yeye lako halitaji, na ukitaka kumwambia neno unatafuta mtu wa tatu wa kulibeba. Hiyo ndiyo nthoni, ile haya ya heshima kati ya wakwe, na Mzee Mukiri alisema nyumba isiyokuwa nayo haina nguzo. Kithinji aliitikia kila kitu, maana hayo yote alikuwa ameyaona kwa baba yake tangu utotoni. Mzee Mithika ni Mmethodisti wa kubatizwa, lakini ukimwambia nthoni imepitwa na wakati atakufukuza kwake.

Wakaketi sebuleni Kaaga, wakakaribishwa, na mlango wa jikoni ukafunguka. Akaingia mama mfupi mwenye leso mabegani, sinia la vikombe mikononi, miwani ikining'inia kwa uzi.

Kithinji alitaka kusimama, alitaka kukaa, akabaki katikati, kainama kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Profesa Karambu naye alisimama ghafla mlangoni na vikombe vikagongana. Kwa muda kidogo wakatazamana, jambo ambalo Mzee Mukiri alikuwa amelikataza njia nzima. Kisha mama yule aligeuka, akamkabidhi binti mmoja sinia, na hakuonekana tena mpaka wageni walipoondoka. Posa ikakubaliwa. Wazee walirudi wakisifu adabu ya yule mama, jinsi alivyojua kujiondoa mbele ya mkwe. Kithinji hakuwa na neno la kuongeza.

"Mbona hukuniambia mama yako ni profesa?" alimuuliza Kiende walipokutana Mitunguu.

"Nilikuambia ni mwalimu. Profesa si mwalimu?"

Wiki iliyofuata Kithinji aliingia darasani akapita safu ya pili, ya tatu, ya kumi, akaenda kukaa nyuma kabisa mahali penye nguzo. Kazi ya nguzo hiyo ilikuwa kushika paa, lakini kwa Kithinji ilikuwa kichaka. Profesa alipouliza swali na darasa likanyamaza, macho yake yalikwenda safu ya pili, yakakuta kiti kitupu, yakarudi. Hakumtafuta. Aliendelea kufundisha kana kwamba Mitunguu haijawahi kuwa na watu.

Na haya yote yangepita salama kama si siku ya mtihani. Msimamizi wa chumba aliugua, na aliyeingia badala yake alikuwa Profesa mwenyewe. Karatasi zikagawiwa na watu wakainamia kazi. Kithinji alikuwa akiandika vizuri, maana somo alilijua, mpaka alipoinua kichwa akamwona Profesa anatembea kati ya meza, anasimama kwa kila mtahiniwa, anainama kidogo, anasonga. Alichokuwa amebeba mkononi Kithinji hakukitazama. Aliona tu kwamba safu inayofuata ni yake, na hapo hakuna njia wala kichaka.

Akaangusha kalamu, akaifuata chini ya meza.

Mtu mzima, mwalimu wa watoto wa watu, kachuchumaa chini ya meza ya mtihani akishika kalamu yake kama kuku aliyeshika punje. Viatu vyeusi vya kisigino kifupi vilikuja vikasimama mbele yake. Vilikaa hapo kidogo. Kisha vikaenda zao. Kithinji alimshukuru Mungu, akarudi juu, akamaliza, akatoka bila kutazama mbele.

Matokeo yalipobandikwa ubaoni, kila mtu alikuwa na alama na Kithinji alikuwa na kistari. Alisoma tena. Akapangusa kioo cha ubao kwa mkono wa shati, maana huenda ni vumbi. Kistari kikabaki kistari. Chini ya orodha palikuwa na tangazo kwamba wasio na alama katika somo hilo wamwone Profesa wenyewe, ana kwa ana, kabla ya bodi ya kitivo kukaa mwisho wa mwezi. Bodi ikishakaa, orodha ya mahafali inafungwa. Ambaye hayumo angoje mwaka mwingine.

Mwaka mwingine, na baba yake hana mwaka. Kithinji alisimama mbele ya ubao ule hadi bawabu akamuuliza kama anaumwa.

Sasa mtu mwingine yeyote angefanya nini? Angetembea hatua chache mpaka ofisini, angebisha, angesema neno lake, angetoka. Wenzake wenye vistari walifanya hivyohivyo, na mchana huohuo mambo yao yakawa yamenyooka. Lakini Kithinji angeingiaje chumba kimoja na mama mkwe, mlango ufungwe, amtazame, amwombe kitu? Kumwomba mama mkwe kitu ana kwa ana! Akafanya kama alivyofunzwa, akatafuta mtu wa tatu.

Mtu wa tatu alikuwa Ndambiri, mwakilishi wa darasa, Mwembu wa Kanja, mlimaji wa kahawa na mwalimu wa hesabu. Ndambiri akaenda ofisini kifua mbele akarudi amenywea.

"Amesema alama za mtu si chumvi ya kuazima kwa jirani," akasema. "Kama mwenyewe yuko hai, aje. Wewe, kwani umemkosea nini?"

"Ni mama mkwe wangu."

Ndambiri alikuwa mtu wa mlima naye, na kwao Embu adabu hizo zipo, kwa hiyo hakucheka mara moja. Alicheka baadaye, alipokwisha kuketi. "Rafiki yangu," akasema, "mficha uchi hazai. Kama huwezi kwenda, basi andika."

Kithinji akaandika. Simu mkononi, alikaa siku nzima kwenye bustani ya ndizi akitunga barua pepe, na yule mdomo wote wa Mitunguu ukamtoroka. Maana mkwe haendi moja kwa moja kwenye jambo. Alianza na salamu kwa nyumba yote ya Kaaga. Akauliza habari za mvua. Akaeleza hali ya ndizi, jinsi mfereji ulivyoziba na ukazibuliwa. Akasimulia macho ya baba yake, bila kusema yanahusiana na nini. Akawasalimu wazee. Mwishoni kabisa akaandika kwamba hata yeye ana kajambo kadogo ka huko chuoni, lakini si kitu, Mungu atasaidia. Hakuandika namba ya usajili. Hakutaja somo. Aliona vibaya kujiita namba mbele ya mama mkwe.

Jibu lilifika kesho yake. Kithinji alilifungua akiwa amesimama, akalisoma, akakaa chini penye matope.

"Salamu zimefika. Poleni sana kwa macho ya mzee, tunamwombea. Hapa Kaaga mvua imeanza vizuri. Wasalimie wote."

Basi. Hakuna alama, hakuna chuo, hakuna kajambo. Aliandika kama mkwe, akajibiwa kama mkwe, tena kwa heshima zote.

Akamkimbilia Kiende zahanati. Kiende alikuwa akikunja bandeji. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Unataka nianze ndoa kwa kukuombea alama?" akauliza. "Mama hazungumzi mambo ya chuo mezani, na mimi sitaanza leo. Mwanafunzi ni wewe. Mimi nilisoma kwangu nikamaliza."

"Wewe hujui nthoni?"

"Naijua. Na baba yako naye namjua. Kila akija kwa dawa ananiuliza joho lina kola ama halina." Hapo sauti ya Kiende ilibadilika. "Jana aliniuliza huku akitazama mlango, akidhani mlango ndio mimi."

Maneno hayo yalimpiga Kithinji kuliko kistari. Jioni akamweleza baba yake kila kitu, akitarajia mzee atasema mila iwekwe kando mara moja tu, kwa ajili ya macho yake. Mzee Mithika alisikiliza akipapasa fimbo.

"Huwezi kumtazama huyo mama usoni," akasema. "Hapana. Hata kama ni kwa ajili yangu." Joho analitaka mzee, na njia ya joho mzee huyohuyo anaifunga. Kisha mzee akaongeza, "Lakini mlango hauna nthoni. Simama upande wako wa mlango, yeye akae wake, na mtu wa katikati awepo."

Hivyo ndivyo Kithinji alivyofika kwa sekretari wa kitivo, Wanjira, mama wa Kiembu mwenye meza safi na subira fupi. Bodi ilikuwa ikae kesho yake. Chumba cha Wanjira kilikuwa cha nje, na mlango wa ndani, wa Profesa, ulikuwa wazi nusu. Wanjira akamwambia aingie tu, Profesa hana mgeni. Kithinji akaenda akasimama kando ya kabati la faili, mgongo ukielekea mlango.

"Dada, tafadhali, mwambie Profesa kuna mtu hapa ana shida."

"Si uko hapo na yeye yuko pale? Mwambie."

"Mwambie wewe, nakuomba."

Kabla Wanjira hajafungua kinywa, sauti ikatoka ndani, ileile isiyopanda. "Mwambie huyo mtu nimemsikia."

Wanjira aliangalia mlango, akaangalia kabati. "Anasema amekusikia."

"Mwambie ni kuhusu alama."

"Anasema ni kuhusu alama."

"Muulize," sauti ikasema, "amekuja kama mkwe ama kama mwanafunzi? Akiwa mkwe, hii si ofisi ya wakwe, aje Kaaga Jumamosi na wazee wake atapikiwa. Akiwa mwanafunzi, mwanafunzi husema jina lake, namba yake ya usajili, somo, na anachotaka. Mkwe hana namba ya usajili. Barua yake ya ndizi niliisoma mara mbili nikitafuta namba, sikuiona. Nikamjibu aliyeniandikia, na aliyeniandikia alikuwa mkwe."

Wanjira alianza kuyarudia hayo, akaona ni marefu, akasema, "Umesikia mwenyewe."

Kithinji alisikia. Akataja jina na namba yake akilitazama kabati, akataja somo, akasema hana alama na hajui ni kwa nini, maana mtihani alifanya na kijitabu alirudisha.

"Hajui?" sauti ikauliza. "Muulize mbona hakutia sahihi karatasi ya mahudhurio."

"Sahihi gani?" Kithinji akageuka bila kujijua.

"Muulize viatu vya kahawia, kimoja kimefungwa kwa kamba ya kijani ya kufungia ndizi, vilikuwa vikifanya nini chini ya meza ya nguzoni."

Kithinji akatazama miguu yake. Kamba ya kijani ilikuwa palepale. Kumbe alichobeba Profesa siku ile ni karatasi ya kutia sahihi, kumbe ndiyo maana alikuwa akisimama kwa kila mtu. Na kumbe alimwona! Siku zote hizo alijua, akiwa kwenye kiti chake, akingoja. Akashika kabati, na faili moja ikaanguka.

Wanjira akaiokota, akairudisha mahali pake. "Mimi naenda kunywa chai," akasema, akachukua kikombe akatoka.

Sasa hapakuwa na mtu wa katikati. Kithinji aliwaza kutoka mbio amfuate Wanjira, na pengine angefanya hivyo kama Profesa hangesema neno, moja kwa moja, mara ya kwanza tangu siku ya sinia.

"Nilikuona, nikapita," akasema. "Mwanafunzi mwingine ningemwambia toka huko chini utie sahihi. Wewe nilikupita kwa sababu na mimi nilikuwa na nthoni. Karatasi yako iko kwenye droo yangu. Kanuni inasema isiyo na sahihi haisahihishwi, na mimi ndiye niliyeiandika hiyo kanuni. Nilikuwa nikingoja uje uombe. Bodi haisikilizi ombi ambalo hakuna aliyeliomba, na mimi siwezi kukuombea. Ningekuombea, wangesema mama mkwe anagawa alama."

Kithinji akaliachia kabati. Profesa mzima, mkuu wa kitivo, mwenye vitabu kwenye maktaba, alimwonea yeye haya! Alikuwa amedhani woga ni wake peke yake.

Akasogea hadi kizingitini. Alitazama sakafu, ile nyekundu inayong'arishwa kwa nta, akasema, "Profesa, mimi ni Josphat Kithinji Mithika. Mtihani wa Upimaji na Tathmini niliufanya, lakini sikutia sahihi karatasi ya mahudhurio kwa kuwa nilijificha. Kosa ni langu. Naomba bodi iruhusu kazi yangu isahihishwe."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Profesa."

"Kumbe unaweza. Mwezi mzima umepita." Kiti kililia, kama mtu aliyeegemea nyuma. "Nenda uandike hayohayo, na namba yako juu, unitumie leo kabla ofisi haijafungwa. Mvua ya Kaaga uiache."

Yaliyotokea kwenye bodi aliyasikia kwa Ndambiri, ambaye huketi humo kwa niaba ya wanafunzi. Ndambiri alifika akihema. Alisema ombi la Kithinji lilipofikiwa, Profesa Karambu alisimama, akaondoka kwenye kiti cha mwenyekiti akaenda kukaa upande, akawaambia madaktari na maprofesa wale wote kwamba mwanafunzi huyu alijificha chini ya meza kwa kuwa ni mkwe wake, na yeye msimamizi akampita kwa kuwa ni mkwe wake, na kati ya wawili hao aliyelipwa mshahara ili asimame alikuwa yeye. Akaomba karatasi isahihishwe na mtu mwingine, asiyemjua kijana.

"Wakasemaje?" Kithinji akauliza.

"Mmoja alicheka. Profesa akamtazama tu, akaacha."

Mama yule alikuwa amejivua nguo mbele ya watu kwa ajili ya mtu ambaye hakuthubutu kumwambia sentensi moja. Karatasi ikasahihishwa na mgeni, na alama ilipotoka ilikuwa ya wastani. Kithinji, aliyejiona bingwa wa somo, alishtuka upya. Lakini jina likaingia orodhani.

Siku ya mahafali jua liliwaka kuliko kawaida ya Meru. Mzee Mithika alikuja na fimbo yake na koti la Jumapili, akaketishwa hemani kando ya Kiende, na Kiende akawa macho yake. Kithinji alisimama kwenye mstari ndani ya joho, jicho likiwa jukwaani, maana alikuwa ameona ratiba. Majina ya wanaohitimu husomwa na mkuu wa kitivo chao. Mkwe hatajwi jina na mama mkwe, kila mtu wa Mitunguu aliyekuwa hemani alijua hilo, na Mzee Mukiri alikuwa amekwisha kusema kwamba bila shaka msaidizi wa Profesa atapewa orodha pale mahali pa Kithinji, kisha airudishe.

Profesa alisoma na kusoma. Akafika hapo. Akavaa miwani vizuri. Msaidizi wake alisogea, mkono tayari. Profesa hakumpa karatasi.

"Josphat Kithinji Mithika," akasema kwenye kipaza sauti, na sauti isiyopanda ikapanda.

Hema upande wa Mitunguu liliganda. Hata vigelegele vilichelewa. Mzee Mukiri alivua kofia, akaivaa tena. Mzee Mithika alimkamata Kiende mkono kwa nguvu.

"Nani huyo aliyesema?"

"Ni mama," Kiende akajibu.

Mzee hakusema neno lingine siku hiyo yote, hata Kithinji alipokuja kupiga magoti mbele yake na joho lake, na mzee akalipapasa kutoka mabegani hadi chini akitafuta kola.

Jumamosi iliyofuata mpwa wa Profesa aliteremka Mitunguu akiwa na mbuzi. Beberu mweupe, amenona. Alisema ametumwa na mama wa Kaaga, kwamba mwiko wa ukwe aliuvunja akijua, mbele ya watu, na kwa kuwa mwiko hufutwa kwa mbuzi, mbuzi huyu hapa. Mzee Mukiri aliitwa. Alimtazama mnyama akasema hajawahi, tangu azaliwe, kuona mama mkwe akijitoza faini mwenyewe. Akauliza kisu kiko wapi.

Mzee Mithika alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Akaomba asogezewe kamba. Alimpapasa mbuzi pembe, shingo, mgongo, polepole, kwa vidole vilevile vilivyopapasa joho.

"Kithinji," akasema, "siku ile sikukuambia. Joho ni jeusi, na macho yangu nayo yamekuwa meusi. Sikuliona. Nilikaa pale nikitazama na sikuona kitu chochote."

Pale uani Mzee Mukiri alivua kofia.

"Jina nililisikia," mzee akaendelea. "Lako na langu. Alilisema hadi mwisho." Akamrudishia mpwa wa Profesa kamba mkononi. "Rudisha mbuzi Kaaga. Mwambie mama huyo hapa hana deni. Na umwambie ni mimi mwenyewe nimesema, si msemaji wangu."